Rivyu yangu ya nyumba ya mpito kwa wanaotoka jela, ndugu yangu alikaa pale

Kwanza niseme wazi, kama una mtu wako yuko ndani na amebakisha miezi tu atoke, tafuta nyumba ya aina hii kabla hujaanza kumnunulia hata shati. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hio moja niliyoizuia ntaeleza huko chini kwa sababu inaniuma na nataka wairekebishe.

Jina na mtaa sitaweka. Wenyewe waliomba hivo na nimekubali, kwa sababu kuna wakaazi wana watu wanaowatafuta kwa ubaya, na pia majirani wakishajua nyumba ile wanakaa waliotoka jela maneno hayataisha, kuku akipotea tu polisi wanaitwa. Iko Mombasa ng'ambo ya daraja la Nyali, inaendeshwa na watu wa kanisa wakishirikiana na maofisa wa probation (wale wa serikali wanaosimamia kifungo cha nje), na anaeihitaji kweli ataelekezwa na ofisi ya probation ya kaunti yake au ofisa wa welfare pale gerezani, au yule padri ama imamu anaeingia kuwaombea wafungwa. Waulizeni hao, wanajua.

Ndugu yangu alifungwa 2016, miaka 12, kosa ni kumjeruhi jirani yetu kule Kaloleni, Kilifi, kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Simtetei, panga alishika yeye. Kwa sheria ya magereza yetu Kenya mtu akiwa na tabia nzuri anapunguziwa theluthi moja ya kifungo, (kuna makosa hayapunguziwi kama wizi wa mabavu, yeye kosa lake halikua humo), kwa hivo 12 ikawa 8 akatoka 2024. Sasa nyumbani kila mtu alikua anahesabu ile siku ya kutoka, mamangu ameshaweka mbuzi, shangazi wameshaambiana, na mimi usiku silali nafikiria jambo moja tu, huyu mtu anarudi kwenye boma ambalo ukisimama mlangoni unamuona yule aliyemkata akianika mahindi. Hakuna aliyekua amezungumza na yule jirani, hata mmoja, miaka yote minane. Tulikua tunapishana njiani na salamu za mdomo tu.

Ndio kaunsela mmoja akaniambia kuna nyumba watu wanapitia kwanza kabla hawajafika kwao.

Msije mkachanganya na hosteli za probation za serikali, ile ya Shanzu hapa kwetu au ya Kimumu kule Eldoret, zile kwa kawaida ni za vijana ambao korti imewapa kifungo cha nje badala ya kuwapeleka jela, wanakaa pale wanasoma kazi za mikono. Ni nzuri ila mtu mzima aliyemaliza kifungo kirefu sio wa kule. Kwa watu kama ndugu yangu mambo ni hivi, asubuhi geti linafunguliwa, anapewa vitu vyake na nauli kidogo kama ipo, basi, kwaheri. Mtu ambae jana alikua anaambiwa saa ya kula, saa ya kulala na saa ya kuoga, leo amesimama barabarani na mfuko wa plastiki hajui hata nauli ni shilingi ngapi. Halafu tunashangaa akirudi ndani.

Kuingia pale sio rahisi na nyinyi mnaotaka kujaribu jueni hivo. Vitanda ni vichache, na wanataka mipango ianze mtu akiwa bado yuko ndani, sio ameshatoka ndio unapiga simu unalia. Kaunsela wao alikwenda kumuona gerezani, akakaa nae akamuuliza maswali magumu, ulimuumiza nani, saa hizi huyo mtu anaishi vipi, ukikutana nae njiani utafanya nini. Ndugu yangu aliniambia lile swali la pili hakuna aliyewahi kumuuliza tangu afungwe, sio korti sio gerezani. Hawachukui mtu anaehitaji dawa za akili na hana anaemfuatilia, kwa sababu hawana nesi, na hapo nawaelewa. Wanawake hawachukui kabisa, hio ni kasoro ila wanasema nyumba ni moja na hawawezi kuchanganya. Kwa kina mama ulizieni Clean Start ya Teresa Njoroge, yule aliyefungwa gereza la wanawake la Lang'ata mwaka mzima akiwa na mtoto mchanga na baadae akashinda rufaa, wao wanafanya kazi na wanawake wanaotoka magereza na watoto wao.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida. Vyumba vya watu wawili wawili, vitanda vya mbao walivotengeneza wakaazi wenyewe, neti nzima, choo kisafi, maji ya kisima yana chumvi kama huku kwetu kote na ya kunywa wananunua kwa mitungi. Kupika ni kwa zamu, mchana ugali na mchicha au maharagwe ya nazi, Jumapili wali na samaki. Geti linafungwa saa moja jioni, pombe hakuna, bangi hakuna, muguka (yale majani ya kutafuna yanayolevya) hakuna na hapo hawana mchezo, kijana mmoja alikutwa nayo mfukoni akaandikiwa onyo, ya pili akaondoshwa. Wengine wataona ni ukali lakini anaejua muguka imefanya nini kwa vijana wa Mombasa hatalalamika.

Waislamu wako pale pia ingawa wenye nyumba ni wa kanisa, Ijumaa wanaruhusiwa kwenda msikitini na Ramadhani iliyokuta ndugu yangu pale wapishi wa zamu ya jioni walikua wanatayarisha uji na tambi za futari kwa waliofunga, hata wasiofunga wanakaa nao jamvini. Ibada ya asubuhi ipo, hulazimishwi ila lazima uwe umeamka na umetandika kitanda.

Jambo ambalo sikulitegemea ni vile jela inabaki mwilini. Nilipokwenda kumuona mara ya kwanza nilimkuta amekaa kitandani alasiri imeingia, mikono juu ya magoti, ametazama mlango. Wenzake wako nje wanacheza drafti. Nikamuuliza vipi, akaniambia, "Dada, saa hizi tunahesabiwa." Kule ndani wanafungiwa mapema mchana haujaisha, chakula cha jioni kimeshaliwa zamani, na yeye kila siku ikifika saa hio mwili unajiweka tayari. Yule mama msimamizi, wote wanamwita Mama, hakumkemea wala hakumfanyia huruma, alimpa kazi ya kumwagilia mboga saa hio hio kila siku, akishika mpira wa maji anakua hayuko kitandani. Baada ya muda ikaisha. Nyumbani kwetu nani angejua kufanya hivo? Mamangu angedhani amerogwa, angeanza kutafuta mganga.

Sasa karatasi. Hapa ndipo hawa watu wanapata nyota zao. Mtu aliyekaa ndani tangu 2016 ukimtoa ghafla hana chochote kinachofanya kazi. Laini ya simu ilishakufa na kupewa mtu mwengine, kwa hivo M-Pesa hana. Kitambulisho kilipotea kituo cha polisi siku ile ya kukamatwa. Bima ya afya ya NHIF aliyoiacha haipo, sasa ni SHA, imeanza Oktoba 2024 na lazima ajisajili upya. Hata pesa. Kwenye pochi yake aliyorudishiwa kulikua na noti ya elfu moja imekunjwa ndani ya mshono, aliificha mwenyewe zamani na aliitegemea, alikua anaikumbuka miaka yote hio. Ilikua ni ile ya zamani yenye picha ya mzee Kenyatta. Noti mpya zilitoka 2019 na zile za elfu za zamani zikakoma kutumika 1 Oktoba mwaka ule ule. Alikwenda nayo dukani kununua sabuni na sigara, mwenye duka akaigeuza geuza akamuuliza ulikua wapi wewe. Alirudi nayo hajanunua kitu, na kaunsela anasema jioni ile hakula.

Tangu hapo nyumba imeweka somo la pesa wiki ya kwanza, wanawaonyesha noti zote na sarafu zile za wanyama, wanawafundisha kutuma na kupokea kwa simu, wanapandishwa matatu mpaka Kongowea wanunue nyanya na vitunguu warudi na chenji kamili. Ukisikia unaweza kuona ni mambo ya watoto ila mtu mzima akidanganywa chenji mara mbili mbele ya watu anakasirika, na mtu aliyetoka jela akikasirika hadharani nyinyi mnajua itakavoishia.

Kitambulisho walimpeleka wenyewe Huduma Centre, ofisa wa probation akaandika barua, chifu wa kwetu nae akaandika, na bado ilichukua muda mrefu na kufuatilia kwingi. Mtu peke yake angekata tamaa. Na bila kitambulisho huwezi kusajili laini wala kufungua akaunti wala kuingia jengo lolote la ofisi mjini. Na cheti cha tabia njema cha DCI, wale wapelelezi wa polisi, ndio usiseme, kila mwajiri anakitaka na mwenye hatia akikiomba rekodi inatokea. Walimwambia ukweli siku ya kwanza, usipoteze pesa kuomba kazi za kampuni zinazodai hicho cheti, tafuta kazi ambayo watu wanatazama mikono yako. Nilipenda vile hawakumdanganya.

Mikono anayo. Alisoma useremala gerezani akafanya grade test za serikali, makabati anapiga vizuri. Kinachokosekana ni vifaa. Nyumba ina kibanda cha useremala na randa mbili na misumeno ya kugombania, na kuna fundi mkubwa wa nje anawapa kazi za viti na milango, sitamtaja, ila analipa kwa kuchelewa sana na kuna wakati alilipa nusu na hio nusu nyengine mpaka leo. Msimamizi alijua na akasema tutaongea nae. Hapa niwe mkweli, mtu aliyetoka gerezani ambako malipo ya kazi ni senti kwa siku, akitoka nje akutane tena na mtu anaemfanyisha kazi bila kumlipa, mtamwambiaje kwamba kazi halali inalipa? Muwe na mkataba na huyo fundi au mtafute mwengine.

Kukaa hulipi mpaka upate kibarua, ukishapata unachangia mia moja kwa siku. Kwangu ni sawa kabisa. Marekani kwenye zile nyumba za serikali kuu kwa miaka mingi mkaazi akipata kazi alikua anatakiwa kutoa asilimia 25 ya mshahara wake wote kabla ya makato, na kuna watu walitoka pale bila akiba. Mia kwa siku mtu anaweza kuweka kitu pembeni.

Ila mimi nyota nimetoa kwa jambo jengine, lile la kwenda nyumbani kabla yake. Kitanda hata mimi ningempa, sebuleni kwangu Kiembeni angelala. Nisingeweza kufanya kile walichofanya Kaloleni.

Kaunsela pamoja na ofisa wa probation walikwenda kijijini ndugu yangu akiwa bado yuko kwenye nyumba. Hawakwenda kwetu kwanza. Walianza kwa chifu, halafu mzee wa kijiji na yule wa Nyumba Kumi, halafu wakaenda kwa jirani, kwetu ndio wakamalizia. Mamangu alikasirika, akasema hawa wageni wanaanzaje kwa mtu mwengine wakati mwenye mtoto ni mimi. Lakini ndivo inavotakiwa. Yule jirani alikua mgema. Panga lile lilikata mishipa ya mkono wa kulia na tangu siku ile hajapanda mnazi. Kwa mtu wa Kaloleni muelewe maana yake, minazi anayo imejaa shambani na lazima amlipe mtu mwengine apande, tembo (pombe ya mnazi) inayotoka wanagawana, watoto wawili waliacha shule. Sisi tulikua tunajua mkono wake haufungi vizuri. Hayo mengine tulikua hatuyajui, au tulikua hatutaki kuyajua.

Kila mtu alikua na hakika atataka pesa. Kaka zangu walishaanza kuchanga. Alipoulizwa akasema pesa sitaki, huyo mtu akae mbali hadi mpaka wa shamba upandwe ua. Yani miaka minane mtu amefungwa, mwengine amekua kilema, na ule mpaka waliogombania bado ulikua haujapandwa, kila msimu wa kulima wanawake wa pande zote mbili walikua wanaacha kipande cha katikati bila kulimwa kwa uoga. Korti ilihukumu panga, shamba halikuguswa.

Sasa kazi ya nyumba ya mpito ikageuka kua kutafuta mpima. Wakakubaliana familia zote mbili zichangie, mpima akaja, wazee wakasimama, vijiwe vikawekwa na minyaa, ile miti ya ua, ikapandwa kwa mstari kutoka kwenye mwembe mpaka barabarani. Sisi tulipoteza kama hatua kumi hivi za shamba. Kaka yangu mkubwa alitaka kuleta ubishi na mzee mmoja akamwambia nyamaza, hizo hatua mmeshalipa bei gani? Akanyamaza. Karatasi ikaandikwa kwa chifu na wote wakatia sahihi, na jirani alitia kidole kwa sababu kalamu haishiki. Kaunsela alirudi Mombasa akamsomea ndugu yangu ile karatasi neno kwa neno, na akamwambia kuhusu kile kidole.

Alikaa zaidi kidogo kuliko muda wa kawaida, waliomba ruhusa ya kumuongezea kwa sababu minyaa ilikua bado haijashika. Halafu akarudi kwetu, bila mbuzi, bila shangwe, hilo nalo lilikua sharti lao na mamangu alilia lakini alikubali. Mpaka leo jirani hajamsalimia. Wanapishana. Ila upande wake amelima hadi kwenye minyaa na sisi upande wetu hadi kwenye minyaa, na watoto wanavuka kwenda kisimani bila kupigiwa kelele.

Ndio maana nasema serikali itazame hapa. Magereza yetu yamebadilika tangu enzi za mzee Moody Awori alipokua makamu wa rais, magodoro yakaingia, mambo ya ndani yakaonekana na watu wa nje, tunashukuru. Na tuna sheria ya 2014 ya watu walionyimwa uhuru inayolinda haki zao wakiwa ndani. Lakini ukitoka getini ni kama hakuna anaekuhusu, kazi yote inabaki kwa makanisa na mashirika madogo na maofisa wa probation ambao ofisi moja inabeba mafaili ya wilaya nzima ya zamani na pikipiki haina mafuta. Ofisa wetu alikwenda Kaloleni kwa matatu, akashuka Mazeras akapanda nyengine, nauli yake mfukoni.

Haya, ile nyota. Wageni wanaruhusiwa Jumapili mchana tu. Mimi nafanya kazi hoteli, Jumapili ndio siku ya wageni wengi na meneja haachii mtu, na wengi wa ndugu za wakaazi ni watu kama mimi, watu wa mahoteli, masoko, wengine wanalinda mageti ya watu. Niliomba Jumatano jioni nikaambiwa sheria ni sheria. Mkaazi mwenzake ndugu yangu alikaa muda wake wote pale hajaona mtu wa kwao kwa sababu mkewe anauza samaki na Jumapili ndio anapata. Kama kazi yenu ni kumrudisha mtu kwa watu wake, wekeni siku moja ya katikati ya wiki, hata saa moja tu. Na simu zao wanapewa usiku kwa muda mfupi, hapo pia walegeze kidogo kwa wale wenye watoto wadogo ambao saa hizo wameshalala.

Kitu chengine, wakishamaliza muda wao ufuatiliaji unapungua haraka. Kaunsela alipiga simu mwanzoni sana, halafu ikawa kimya. Ndugu yangu yuko sawa, anapiga viti anauza barabarani Mariakani, ila kulikua na mwezi mmoja mgumu ambao angehitaji kusikia sauti ya Mama na namba ilikua haishikwi.

Kwa wanaotaka kujaribu, ukienda kuulizia beba barua ya gereza inayoonyesha tarehe ya kutoka, nakala ya kitambulisho chake kama mlihifadhi, jina la chifu wa kwenu, na kama kuna mtu aliumizwa semeni mapema ni nani na anaishi wapi, msifiche. Na muandike namba ya mtu mmoja wa familia anaeshika simu wakati wote, kwa sababu kitanda kikipatikana wanapiga, na wasipompata wanaita familia inayofuata.